Wati nne za lampu kutoka kwenye redio ya zamani

Katika nyumba nyingi za mitaa ya Kamalondo, Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, bado zimo redio za mbao za miaka ya 1950 na 1960, zile zenye kitambaa mbele na jicho la kijani ambalo hukaza mwanga wake pale stesheni inapokamatwa vizuri. Nyingi hazilii tena. Zimewekwa juu ya kabati, zimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na watoto wa nyumba wanazijua kama pambo tu. Nataka kueleza jinsi redio ya namna hiyo, ikiwa imekufa kabisa na mwenye nayo hataki kuifufua, inavyoweza kuzaa amplifaya ya gitaa ya lampu (ile mirija ya kioo ya ndani ya redio za zamani, si taa za kumulika) pamoja na kasha lake la spika. Yangu nimeijenga kwa njia hiyo, ninaitumia kila jioni ambayo umeme upo, na nina hakika kwamba kwa upigaji wetu wa Katanga amplifaya ndogo inafaa kuliko kubwa.

Sababu iko katika vidole vyenyewe. Gitaa la huku, tangu enzi za mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, hupigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba kinashika besi, shahada inaimba juu, na msikilizaji anapaswa kuzisikia sauti mbili zikienda pamoja bila kuzibana. Amplifaya inayokwaruza mapema huzichanganya sauti hizo mbili na kuzalisha nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na papo hapo wimbo hupotea. Amplifaya kubwa ya jukwaani, kwa upande wake, nyumbani hutumika ikiwa imefunguliwa kidogo tu, mahali ambapo haina uhai wowote. Lampu moja ya nguvu, ikifanya kazi kwa wati nne hivi, hubaki safi ukipiga kwa upole, na ukikaza vidole huanza kulainika taratibu badala ya kukatika ghafla.

Kwanza ni kuichagua redio, na hapo lazima niwe mkali. Redio nyingi za Ulaya za wakati ule zilijengwa kwa lampu za aina moja: ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80, na jicho la EM80. Herufi E ya mwanzo ina maana kwamba nyuzi za kupashia joto zinataka volti 6.3, na redio kama hiyo karibu kila mara ina transfoma kubwa inayotenganisha chesisi, yaani kiunzi cha bati kinachobeba vifaa vyote, na umeme wa ukutani. Ukikuta UCH81, UL84 na UY85, iache. Lampu za U hupashwa joto zikiwa zimeunganishwa mfululizo moja baada ya nyingine, kwa miliampia 100, mara nyingi bila transfoma ya kutenganisha, na katika redio nyingi za namna hiyo upande mmoja wa umeme wa mji uko kwenye chesisi yenyewe. Mtu akichomeka gitaa humo, nyuzi alizozishika zinaweza kuwa na volti 220. Usijaribu kuirekebisha hata kama fundi anakuambia kwamba inawezekana.

Kutoka kwenye redio iliyo sawa tunachukua transfoma ya umeme, transfoma ya kutolea sauti, EL84 ambayo ndiyo lampu ya nguvu, EZ80 inayogeuza umeme geu (AC) kuwa mnyoofu (DC), na soketi zake. Transfoma ya umeme haitaelemewa, kwa sababu lampu za redio nzima zilikuwa zikitaka zaidi ya ampia 2 za kupashia joto, na sisi tutabakiwa na EL84 inayotaka 0.76, EZ80 inayotaka 0.6, na ECC83 moja (triodi mbili, yaani vikuza sauti viwili vidogo, ndani ya kioo kimoja) inayotaka 0.3. ECC83 haimo kwenye redio. Lazima inunuliwe, na kwa bahati njema bado inatengenezwa Urusi, Slovakia na China. Asiyeipata anaweza kutumia sehemu ya triodi ya EABC80 ileile, ambayo hukuza vya kutosha kuisukuma EL84 kwa gitaa lenye pikapu nzuri. Atapata amplifaya ya hatua moja, safi sana, isiyo na ziada.

Kapasita za zamani zote zitupwe. Zile za karatasi na nta huvujisha umeme mnyoofu hadi kwenye gridi ya EL84 (wavu wa ndani unaoongoza mkondo wake), nayo ikishapata volti chanya pale ilipopaswa kukaa kwenye sifuri, huvuta mkondo mkubwa, huwa nyekundu, na huunguza transfoma ya kutolea sauti, kifaa ambacho ni kigumu kupatikana kuliko vyote. Kapasita za elektroliti nazo zimekauka. Hizi si tabu kuzipata: pawasaplai mbovu za deki za DVD, zinazouzwa kwa mafungu sokoni Kenya, zina kapasita za volti 400 ambazo mara nyingi bado ni nzima, ingawa mimi hupendelea mpya kwa ile ya kwanza baada ya EZ80. Hiyo ya kwanza isizidi mikrofaradi 50, kwa kuwa ndicho kipimo cha mwisho ambacho lampu hiyo inaruhusiwa, nimeweka 47.

Sasa transfoma ya kutolea sauti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya amplifaya. Lampu inataka kuona mzigo wa takriban ohmu 5,200 kwenye anodi yake (ncha inayotolea sauti), wakati spika ina ohmu chache tu, na kazi ya transfoma ni kuwapatanisha wawili hao. Ili kujua uliyonayo inafaa, iondoe kwenye redio, chukua umeme geu wa volti 12 kutoka kwenye transfoma ndogo, uweke upande wenye waya mwembamba, kisha upime upande wa spika. Kwenye yangu nilisoma volti 0.48. Kugawa 12 kwa 0.48 ni 25, na huo ndio uwiano wa mizunguko. 25 mara 25 ni 625, na 625 mara ohmu 8 za spika ni 5,000. Ni vigumu kutaka zaidi ya hapo. Kama ingekuwa na uwiano wa 36, spika ya ohmu 4 ndiyo ingefaa. Kipimo hiki hakihitaji kitu chochote isipokuwa multimita ya kawaida, na kinamwokoa mtu asiifunge spika isiyolingana halafu akailaumu lampu.

Ikiwa waya umekatika ndani, mji huu una bahati. Migodi na viwanda vimetuletea mafundi wengi wa kusuka mota, na wanaweza kuisuka upya transfoma ndogo kwa mkono mzuri sana, lakini waelezwe jambo moja ambalo katika mota na transfoma za kawaida halipo. Katika amplifaya ya lampu moja, mkondo mnyoofu unaokaribia miliampia 50 hupita daima ndani ya waya wa anodi, na mkondo huo hukishibisha chuma kwa usumaku kabla sauti haijafika. Kwa hiyo vipande vya chuma havipishanishwi: vyenye umbo la E hupangwa vyote upande mmoja, vya I upande mwingine, na katikati yao huwekwa karatasi nyembamba ili kuacha pengo. Mzee mmoja wa Kamalondo aliyetengeneza redio maisha yake yote aliishika yangu mkononi, akaisogeza karibu na dirisha, akanionyesha ukingo wa karatasi hiyo, iliyogeuka rangi ya kahawia, ikiwa imebanwa katikati ya chuma. Akaniambia: «Mwanangu, fundi akikuuliza hii karatasi ni ya nini, usimwachie.»

Saketi yenyewe ni fupi. Waya wa gitaa unaingia kwenye rezista ya kiloohmu 68, na kutoka kwenye tundu la kuchomekea kuna megaohmu 1 kwenda ardhini. Nusu ya kwanza ya ECC83 ina kiloohmu 100 kwenye anodi na kiloohmu 1.5 kwenye kathodi (ncha inayotoa elektroni), iliyofungwa sambamba na kapasita ya mikrofaradi 22. Sauti inapita kwenye kapasita ya nanofaradi 22, inafika kwenye potenshomita ya sauti, inaingia nusu ya pili iliyo na vipimo hivyohivyo, isipokuwa hapo sikuweka kapasita kwenye kathodi. Kuiacha kunapunguza ukuzaji na kunaisafisha besi ya gumba, na ni uamuzi ambao ningeufanya tena kwa mpigaji yeyote wa mtindo wetu. Baadaye nanofaradi 22 nyingine, rezista ya kiloohmu 220 kwenda ardhini, na tumefika kwenye EL84, ambayo kathodi yake ina ohmu 150 za wati 3. Kutoka upande wa spika rezista ya kiloohmu 22 inarudisha sehemu ndogo ya sauti kwenye kathodi ya nusu ya pili. Amplifaya ikipiga mlio mkali mara inapopata joto, maana yake ni kwamba sauti inayorudi inaongeza badala ya kupunguza, na dawa ni kubadilishana nyaya mbili za transfoma upande wa spika.

Chesisi nilikunjiwa na fundi wa mbabula (majiko ya mkaa), kutoka bati la aluminiamu la milimita 2, na matundu ya soketi yakatobolewa kwa milimita 22. Kabla ya kutoboa ya transfoma, fanya hivi: unganisha hedifoni kwenye nyaya za spika za transfoma ya sauti, washa transfoma ya umeme peke yake huku nyaya zake nyingine zote zikiwa zimefungwa utepe, kisha sogeza na kuzungusha ile ndogo juu ya chesisi. Mvumo utausikia ukipanda na kushuka kwa masikio yako mwenyewe, na kuna pembe moja ambapo karibu unatoweka. Weka alama ya penseli hapo. Hakuna mchoro utakaokupa jibu hilo, kwa kuwa kila transfoma hutawanya usumaku wake kwa namna yake.

Mvumo mwingine hutoka kwenye nyaya za kupashia joto. Katika redio nyingi upande mmoja wa volti 6.3 umefungwa kwenye chesisi, jambo ambalo spika ya redio ilivumilia lakini gitaa halilivumilii. Ufungue, sokota nyaya mbili pamoja mpaka kwenye kila soketi, na kutoka kila upande peleka rezista ya ohmu 100 kwenye ardhi. Chesisi nayo iunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba, na kama nyumba haina ardhi, fimbo ya shaba ichimbiwe kwanza kabla ya mambo mengine yote. Tunaishi juu ya shaba; hakuna udhuru.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanywe pole pole. Umeme wa ukutani upitie balbu ya kizamani ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na amplifaya, lampu zikiwa bado hazijachomekwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti na umeme umeishia kwenye balbu badala ya kwenye transfoma. Ikiwaka hafifu, endelea. Ndani ya amplifaya hii mna zaidi ya volti 250 za umeme mnyoofu, na kapasita huzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa. Nimeweka rezista ya kiloohmu 220 ya wati 1 kati ya volti hizo na ardhi ili zimwagike zenyewe ndani ya dakika mbili, na hata hivyo hupima kwanza, kila mara, kabla ya kuingiza kidole. Mkono mmoja ukae nyuma ya mgongo wakati wa kupima. Anayejenga akiwa peke yake usiku, amechoka, asifanye kazi hii.

Lampu zikishapata joto, pima kathodi ya EL84. Yangu ilisoma volti 7.4 juu ya ohmu 150, sawa na miliampia 49. Ondoa 5 hivi za gridi ya pili, zinabaki 44 za anodi. Kati ya anodi na kathodi mlikuwa na volti 245, kwa hiyo lampu inabeba wati 10.8, na kikomo chake ni 12. Jedwali za EL84 hutaja ohmu 135 kwa volti 250, na hapo lampu hukaa karibu kabisa na kikomo hicho. Nimechagua 150 kwa makusudi. Umeme wa mji wetu hauna msimamo, saa nyingine hushuka hadi taa zikawa nyekundu, saa nyingine hupanda majirani wanapozima pasi zao, na lampu iliyoachiwa nafasi kidogo itadumu. Inverta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini huitia transfoma mvumo mbaya. Kwa anayetumia sola ni bora inverta ya wimbi safi, na ndogo inatosha, kwani mashine nzima inakula kiasi cha balbu ya wati 40. Siku za radi, kuanzia Novemba, ichomolewe ukutani.

Jambo moja la kukumbuka daima: amplifaya ya lampu isipigwe bila spika. Nishati isiyopata pa kwenda huibua volti kubwa ndani ya transfoma ya sauti na kuitoboa. Tundu la spika liwe la aina inayounganisha nyaya zake mbili lenyewe plagi ikichomolewa.

Kuhusu spika, watu wengi huuliza kwanza wati, wakati swali lenye maana ni usikivu wake. Spika za muziki wa nyumbani hutoa takriban desibeli 87 kwa wati moja ukisimama mita moja mbele yake. Spika za gitaa, zenye koni nyepesi ya karatasi, hutoa 97 au zaidi. Tofauti ya desibeli 10 ni sawa na kuzidisha nguvu mara kumi. Wati 4 kwenye spika ya 97 hufika desibeli 103, na ili spika ya 87 iufikie ukubwa huo ingetaka wati 40. Ndiyo maana amplifaya hii ndogo husikika vizuri pamoja na waimbaji wa kikundi chetu kanisani pasipo maikrofoni, mradi mpiga ngoma awe na adabu. Spika ya redio ile ile pia ni sikivu, na nimeitumia kwa majaribio, lakini koni yake haikukusudiwa kupokea mshtuko wa gitaa. Niliweka ya sentimita 25, ohmu 8, iliyotoka kwenye kinanda cha umeme kilichoharibika.

Kasha lake nimelijenga kwa mbao za msonobari, kutoka makasha yanayoleta vipuri vya migodini. Mulombwa ni mti mzuri kuliko wote wa nchi hii na fundi seremala alinisihi niutumie, ila ni mzito na bei yake ni ya milango na vitanda. Msonobari mwepesi wa milimita 18, uliopigwa randa na kuunganishwa kwa gundi na skrubu, unatosha kabisa. Upana ni sentimita 46, kimo 42, kina 22, na ubao wa mbele ni plaiwudi ya milimita 12 iliyofungwa pande zote nne. Skrubu za spika zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, la sivyo fremu yake hupinda na koili husugua.

Nyuma nimeacha theluthi moja wazi. Koni ikisukuma hewa mbele huivuta nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana kando ya kasha hufutana, hasa ya chini. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 4, na kasha la nusu mita haliwezi kulizuia lisizunguke. Hata hivyo sikio huijenga noti kutokana na sauti zake za juu, na besi inayobaki ni kavu, ya haraka, inayoacha nafasi kwa kidole cha shahada. Nilipoifunga nyuma yote kwa ubao, besi iliongezeka na gumba likaanza kumfunika mwenzake, hasa katika chumba chetu chenye sakafu ya saruji. Anayepiga uwanjani labda atapendelea kuifunga. Kitambaa cha mbele kiwe chepesi. Kitenge kizito hula sauti za juu.

Amplifaya haikai ndani ya kasha hili bali juu ya meza kando yake, maana ECC83 husikia mtikisiko kama maikrofoni, na waya kati yao ni wa umeme wa kawaida, mnene, si ule wa gitaa. Kasha likishafungwa, piga noti zote polepole kuanzia uzi mnene kwenda juu, mkono mmoja wa rafiki ukiwa juu ya mbao. Palipo na skrubu iliyolegea patajitaja.

Mzee wa Kamalondo amenipa redio nyingine ambayo ndani yake mna ECL86, lampu yenye triodi ya kukuza na pentodi ya nguvu ndani ya kioo kimoja. Hiyo inataka ohmu 170 kwenye kathodi na mzigo wa ohmu 7,000, na itatoa karibu wati 4 kwa mkondo mdogo zaidi, miliampia 36. Transfoma yake ya sauti imepimika uwiano wa 30. 900 mara 8 ni 7,200, kwa hiyo spika ya ohmu 8 itafaa tena. Seremala ameshaanza kukata mbao.